Siku Kumi za Kujifunza Kuruka Mawinguni

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo zimenisumbua maisha yangu yote ya ualimu. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila nilipowauliza wanachuo wangu ni ipi iliyo ya kweli, walicheka, nami nikacheka pamoja nao, maana sikuwa na jibu. Jibu nimelipata baada ya kustaafu, tena kupitia jambo ambalo sikuwahi kudhani litanihusu, yaani urushaji wa ndege. Namwomba msomaji anivumilie nieleze.

Mwanangu wa tatu anaishi Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ndio mji wa wale ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli ambao mwaka 1903 walirusha ndege yao yenye injini wakaushangaza ulimwengu. Labda ni hewa ya mji ule, labda ni ukaidi aliourithi kwa mama yake, lakini kijana huyu, ambaye kazi yake ni ya hospitali, alijifunza urubani, na mwaka 2017 akapata leseni ya rubani binafsi. Yeye na wenzake watatu wakachanga fedha wakanunua ndege kuukuu aina ya Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne. Aliponitumia picha yake niliuliza swali moja tu: je, inalipa? Akacheka sana. "Hailipi baba. Inakula tu."

Mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea. Siku moja akanialika turuke hadi Indianapolis kumwona rafiki yake, safari isiyofika hata saa moja na nusu. Tuliondoka kukiwa na jua. Nilikaa kando yake, nikaona mashamba ya mahindi yamepangwa kama madaftari juu ya meza, na moyoni nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha pale. Kisha mbele yetu mawingu yakaanza kushuka. Mimi ni mtu wa nyanda za juu kusini, ukungu naujua. Nimetembea ndani yake alfajiri nikienda shule, nikisikia sauti za wenzangu bila kuwaona. Lakini ukungu wa barabarani unakuruhusu kusimama. Ndege haisimami. Nilimtazama mwanangu nikaona ameacha kuzungumza. Akaigeuza ndege taratibu, tukarudi nyuma, tukatua katika kiwanja kidogo cha Richmond, jimbo la Indiana. Nyumbani nako mawingu yalikuwa yameshafunga. Usiku ule mkwe wangu alikuja kutuchukua kwa gari. Njiani hakusema neno.

Asubuhi alipoleta chai aliniamkia, akaketi, akasema: "Baba, naomba uzungumze na mwanao. Ama aache kuruka, ama ajifunze kuruka ndani ya mawingu. Hapo katikati aliposimama ndipo watu wanapofia."

Nilipouliza zaidi nikaelewa. Leseni aliyokuwa nayo mwanangu humruhusu kuruka akiwa anaona mbele yake na anaona ardhi. Ili aruhusiwe kuingia mawinguni anahitaji nyongeza katika leseni hiyo, nami nitaiita idhini ya vyombo, kwa sababu rubani mwenye idhini hiyo huacha kuyategemea macho na mwili wake akaongozwa na vyombo vilivyo mbele yake. Mtu wa kwanza kuruka, kuzunguka na kutua hivyo, bila kuona nje kabisa, alikuwa Jimmy Doolittle, tarehe 24 Septemba 1929 huko New York. Kiti chake kilifunikwa kwa turubai, na rubani mwingine aliketi kiti cha mbele kwa ajili ya usalama tu.

Kwa nini mwili hauaminiki? Jambo hili nililifundisha mwenyewe chuoni bila kujua litakuja kunigusa. Tulikuwa tukimketisha mwanachuo juu ya kiti kinachozunguka, tunamfunga kitambaa machoni, tunamzungusha polepole kwa mwendo usiobadilika. Mwanzoni huonyesha kwa kidole upande anaozungukia. Baada ya muda mfupi hushusha kidole na kusema amesimama, kumbe bado anazunguka. Tukimsimamisha, huapa kwamba sasa anazungukia upande wa pili. Darasa zima lilikuwa likiangua kicheko. Sababu ni majimaji yaliyo katika sikio la ndani, ambayo huhisi mabadiliko ya mwendo tu, na mwendo usipobadilika huwa hayana habari ya kutoa. Rubani aliye mawinguni ni yule mwanachuo mwenye kitambaa, isipokuwa hakuna wa kumshika mkono. Ndege huinama na kuanza kuzunguka ikishuka, naye anajiona yuko sawa.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Hizo hazifiki hata dakika tatu. Na wengi wanakumbuka usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo alipoanguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi walisema alipoteza udhibiti wa ndege akishuka juu ya maji usiku, kwa kuwa mwili wake ulimdanganya, huku kukiwa na utusitusi na giza. Alikuwa ameanza masomo ya vyombo lakini hajayamaliza. Niliposikia habari hiyo nilikumbuka sekunde zile mbele ya mawingu ya Indiana, na ukimya wa mwanangu.

Basi tulikubaliana kwamba atasoma. Ila miaka ikapita, kazi zikamsonga, ukaja ugonjwa wa korona. Mwanzoni mwa mwaka 2022 akanipigia simu. Alikuwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kusoma polepole na mwalimu wa pale Dayton, kila Jumamosi, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi. Ya pili ilikuwa shule moja ya kusini magharibi, nchi ya jangwa, iliyomwahidi idhini kwa siku kumi, na kwamba asipofaulu watamfundisha tena bila malipo. Ya tatu ilikuwa mwalimu wa kusafiri, ambaye humfuata mwanafunzi kwake na kumfundisha mfululizo katika ndege yake mwenyewe, nayo kwa siku kumi hivi. "Baba," akasema, "wewe umefundisha walimu miaka thelathini na zaidi. Mtu anaweza kujifunza jambo zito kwa siku kumi?"

Nikamwambia anipe juma moja. Sikumwambia sababu. Swali lake lilikuwa limegusa kidonda.

Mimi nimeona mafunzo ya haraka ya aina mbili. Ya kwanza yalifuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi yetu ilipoamua kila mtoto aanze shule kufikia mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huko huko vijijini. Walishika darasa na kusoma kwa wakati mmoja, kwa masomo ya posta na ya redio, na mratibu akiwatembelea. Baada ya miaka hiyo ndipo waliletwa chuoni kwa majuma sita, kisha mtihani. Nilikuwa mkufunzi kijana wakati huo, na nilianza kwa kuwadharau. Lakini walipoingia darasani wakaanza kuuliza, nilijiona mdogo. Hawakuuliza "zana za kufundishia ni nini?" Waliuliza: nina watoto 90 na kitabu kimoja, nifanyeje? Wapo waliokuwa dhaifu, na lawama nyingi juu ya mpango ule zilikuwa za haki. Hata hivyo kwa walio wengi, majuma sita yale yalitosha kwa sababu walikuja na shamba lililokwisha kulimwa.

Ya pili ilikuja miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi. Nilikuwa mkuu wa chuo. Tukaletewa vijana waliomaliza kidato cha sita, tukaambiwa tuwape mafunzo ya majuma machache, wapewe leseni, wakafundishe. Watu wakawabatiza jina la "vodafasta". Kati yao alikuwamo kijana mmoja wa hesabu. Hesabu aliijua kuliko baadhi ya wakufunzi wangu. Ila alipowekwa mbele ya darasa alilipa mgongo, akaongea na ubao. Nilikaa nyuma nikamtazama. Nilijua kwamba kijana huyu anahitaji muhula mzima kando ya mwalimu mzoefu, na akiupata atakuwa mwalimu hodari. Nilijua, na nikatia saini.

Alipelekwa shule mpya, mbali, akiwa mwalimu pekee wa hesabu. Mwaka uliofuata nilipita huko kwa shughuli nyingine, nikaulizia habari zake. Alikuwa ameondoka bila kuaga. Mkuu wa shule akanionyesha daftari lake la maandalio ya masomo. Kurasa za Januari na Februari ziliandikwa kwa mwandiko mzuri, hatua kwa hatua kama tulivyomfundisha. Kufikia katikati ya Machi kulikuwa na vichwa vya mada tu. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Wanafunzi wakaniambia kwamba mwishoni alikuwa akikaa chini ya mti mpaka kengele ilie. Hakuna aliyekwenda kumtazama tangu siku aliyoripoti, wala mimi. Kidato cha nne mwaka ule hakuna mtoto hata mmoja aliyefaulu hesabu.

Juma lilipokwisha nilimpigia mwanangu nikamweleza habari hiyo ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Kisha nikamwambia kwamba siku kumi zinaweza kutosha, na pia zinaweza kukuua. Hesabu ya siku peke yake haisemi kitu. Tazama kilichotangulia, tazama mwalimu, halafu tazama kitakachofuata. Nikamwandikia maswali ya kuwauliza wenye shule hizo, nami nayaweka hapa kwa faida ya mzazi mwingine.

Swali la kwanza ni la kujiuliza mwenyewe: ninakwenda na nini mkononi? Sheria ya Marekani inadai saa 40 za kuruka kwa vyombo, mawinguni kweli au kwa kufunikwa macho yasione nje, na kati ya hizo saa 15 ziwe pamoja na mwalimu mwenye sifa. Kuna pia saa 50 za safari akiwa ndiye rubani mkuu, safari moja ya vyombo ya maili za baharini 250, mtihani wa kuandika wenye maswali 60, na mwisho mtihani wa kuruka na mtahini. Mwanafunzi akianza na mikono mitupu, saa 40 kwa siku kumi ni saa nne hewani kila siku. Nani anayejifunza vizuri katika saa ya nne? Mwaka 1978 Waingereza wawili, Baddeley na Longman, walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa posta waliofundishwa kupiga chapa. Waliosoma saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliosoma saa nne kwa siku, ingawa walimaliza siku nyingi baadaye. Tena hao waliojifunza vizuri zaidi ndio walioridhika kidogo kuliko wote! Mwanafunzi hupenda haraka hata pale inapomdhuru. Kwa hiyo nilimtaka afaulu kwanza mtihani wa kuandika na apunguze zile saa nyumbani, ili siku kumi zibaki za kukomaza.

Swali la pili: nitafundishwa na mwalimu mmoja au nitapokezanwa? Katika kozi fupi hakuna nafasi ya kila mwalimu kuanza upya kumjua mwanafunzi.

La tatu: nitasomea ndege ipi? Ndege ya mwanangu ina vyombo vya zamani vya mishale. Shule ya jangwani ilikuwa na ndege zenye vioo kama vya televisheni. Kujifunzia hizo kisha kurudi kwenye yake ni sawa na kumfundisha mwalimu kwa maabara kamili halafu kumpeleka kwenye shule yenye ubao na chaki.

La nne: je, huko kuna mawingu? Mwanangu alinyamaza kidogo niliposema hivyo. Jangwani mbingu ni nyeupe karibu mwaka mzima. Mwanafunzi anaweza kutimiza saa zake zote kwa kufunikwa macho, akapewa idhini ya kuingia mawinguni asiwahi kuliona wingu kwa ndani. Ohio, namshukuru Mungu, mawingu si ya kutafuta.

La tano ndilo nililolipa uzito kuliko yote: mwulize mwalimu ni lini mara ya mwisho alimwambia mwanafunzi aliyekwisha kulipa kwamba bado hajawa tayari.

Akawauliza wote. Shule ya ahadi ilimjibu kwamba wanafunzi wao wote humaliza kwa wakati. Mwalimu wa kusafiri, mama mmoja mtu mzima, alimjibu: "Mwezi uliopita. Alinikasirikia sana." Nikamwambia mwanangu, huyo ndiye mwalimu.

Alijiandaa tangu Machi. Mwezi Juni alifaulu mtihani wa kuandika. Jumamosi zake zote alikuwa hewani na mwalimu wa pale pale Dayton, akapunguza saa 16. Septemba mwalimu wake akafika. Kila jioni ya huko, ambayo kwetu ni usiku wa manane, alinitumia ujumbe, nami nilikuwa macho. Siku ya nne aliingia wingu la kweli kwa mara ya kwanza, akaandika kwamba mwili wake ulipiga kelele kuwa ndege inapinduka, naye akautazama upeo bandia kwenye chombo, akauamini. Siku ya sita mwalimu alimtazama usoni asubuhi akamwambia arudi nyumbani akalale. Siku ya tisa alichanganya namna ya kuzunguka hewani kusubiri zamu ya kutua, akashuka chini ya kimo alichoamriwa. Mtahini alikuwa amekwisha pangiwa kesho yake. Yule mama akazima redio, akasema neno moja: bado.

Mwanangu alinipigia akiwa na uchungu. Likizo yake imekwisha, fedha zimekwenda, na mtahini mwingine hapatikani mpaka majuma mawili yapite. Nilimpa pole, na nilimaanisha. Lakini sitaficha kwamba nilipokata simu niliilaza simu kifudifudi nikalala usingizi ambao sikuupata kwa siku tisa. Kuna mtu mahali fulani amemtazama mwanangu akiwa nyuma ya mlango wa hatari, akaweza kusema neno ambalo mimi sikulisema kwa mtoto wa mwenzangu.

Alirudia makosa yake na yule mwalimu wa Jumamosi, na mwezi Oktoba akafaulu.

Swali la sita nilimwekea mwishoni, nalo ni la kudumu: baada ya cheti, nani atakutazama? Sheria yao ina busara hapa. Mwenye idhini asipofanya mishuko sita ya vyombo, pamoja na mazoezi mengine, ndani ya miezi sita, haruhusiwi kuingia mawinguni mpaka afanye. Laiti tungekuwa na sheria kama hiyo kwa walimu wetu, kwamba kila baada ya muda mtu aje aketi nyuma ya darasa, asije kukamata, aje kutazama tu.

Kwa hiyo sasa methali zangu mbili zimepatana. Ngoja ngoja ya mwanangu ilikuwa kuruka miaka mitano akiwa amesimama katikati, na hiyo ingetuumiza wote. Haraka ya yule kijana wa hesabu haikuwa na baraka kwa sababu hapakuwa na kitu kabla yake wala mtu baada yake. Siku kumi hazikuwa na kosa lolote.

Tumewekeana desturi. Kila baada ya miezi sita mwanangu hunitumia hesabu ya mishuko yake, nami huiandika katika daftari. Mara nyingi huandika "Sita, baba," au "Tisa." Mwaka jana aliandika "Nne," akaongeza kwamba ndege itabaki ardhini siku za mawingu mpaka atakapomaliza mbili na mwalimu. Daftari ninaloandikia ni la maandalio ya masomo, lilelile la zamani. Niliondoka nalo siku ile, na mkuu wa shule hakulidai. Kurasa tupu zilizobaki baada ya Machi zilikuwa nyingi.